Jinsi ya kugawa maji ya mto ili skimu ipate na viumbe wa mtoni wasiishe: mwongozo kwa jumuiya za Usangu na nyanda za juu kusini

Wakuu habari za majukumu. Hii naiandika kwa viongozi wa skimu za umwagiliaji, jumuiya za watumia maji, maafisa ugani wa kata na yeyote ambae kijiji chake kiko mbioni kujenga banio (ukuta wa kukinga mto ili maji yaingie mferejini) au bwawa huku Mbarali, Wanging'ombe, Mufindi, Kilolo au Iringa vijijini. Mikutano ya maji huku kwetu mabishano yake yanafanana, mmoja anasimama anasema mpunga ndio unasomesha watoto, mwingine anasema mto umekauka hifadhini viboko wanateseka, wanavutana mpaka jua linazama alafu watu wanatawanyika bila hata mstari mmoja kwenye muhtasari. Mimi msimamo wangu ni kwamba mgao wa mto unaandikwa kwanza, kwa namba, kabla ya mgao wa shamba, na unaandikwa kwa mwezi sio kwa mwaka. Namba ikishakuwepo mezani mengine yote yanajadilika, bila namba ni kelele tu.

Jua maji yako yanaenda wapi yakishakupita

Hapa wengi tunakwama mana mtu anaujua mto wake mpaka mwisho wa shamba la jirani basi. Kwa wa Usangu picha iko hivi: mito inashuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, Mbarali, Kimani, Chimala na mingine, upande wa Mufindi unashuka Ndembera, yote inaingia bondeni inatandaa kwenye ardhioevu ya Ihefu, alafu maji yanatokea sehemu moja tu, Ng'iriama. Pale ndipo Ruaha Mkuu unapoanza safari ya kukatiza Hifadhi ya Taifa Ruaha, unakwenda Mtera ambako kuna mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu megawati 204. Sasa Ihefu ni kama beseni, maji lazima yafike kina fulani ndipo yamwagikie Ng'iriama, na kiangazi jua linakula sehemu kubwa ya kile kidogo kinachoingia. Kwaiyo ukiachia maji kidogo huku juu mwezi wa tisa usishangae hifadhini wasione kitu, yameishia njiani. Toka 1993 Ruaha Mkuu unasimama kabisa kutiririka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko na mamba wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, tembo wanachimba mchanga wa mtoni kufuata maji chini.

Na hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Mtera inajazwa na maji ya masika, yale mafuriko ya Januari mpaka Aprili. Viumbe wa hifadhini na wa Ihefu wanauawa na kiangazi, Julai mpaka Novemba mpaka mvua zirudi. Ukichota lita mia masika mto hauoni sana, ukichota lita hizohizo Oktoba umechukua kila kitu. Ndio mana nasema tuandike kwa mwezi.

Jua nani anaishi humo kabla ya kumwaga zege

Kwa hili tuna somo letu wenyewe, hatuna haja ya kwenda kuazima nje. Korongo la Kihansi liko milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa pale watafiti walipomkuta, 1996, chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mkubwa wake hafiki sentimita tatu, hatagi mayai kama vyura wengine bali anazaa vitoto vilivyokamilika, na hajawahi kuonekana popote duniani zaidi ya pale. Alikuwa anaishi kwenye majani yanayolowana muda wote na manyunyu ya maporomoko, eneo lote la manyunyu unaweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Mitambo ilipoanza maji mengi yakaingia kwenye handaki, maporomoko yakapungua, manyunyu yakakata, majani yakakauka.

Kilichofuata kilikuwa ni kuhangaika kwa gharama. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani kulelewa kwenye bustani za wanyama, Bronx Zoo na baadae Toledo Zoo ndizo zilizofanikiwa kuwatunza. Kule korongoni yakafungwa mabomba ya kurusha manyunyu bandia, na kwa muda vyura wakaonekana kuongezeka, alafu 2003 wakaporomoka ghafla. Fangasi anayeshambulia ngozi za vyura alikutwa kwenye mizoga, na watafiti wakatilia shaka pia tope lililofunguliwa kutoka bwawani mwaka huohuo likiwa na mabaki ya dawa za mashambani. 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza kwamba ametoweka porini. 2010 wakarudishwa vyura 100 kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Nimekaa sehemu nikasikia watu wanacheka, eti mamilioni yote hayo kwa ajili ya chura. Mimi sicheki, kwa sababu hiyo hela ingeokolewa kama mtu angeingia lile korongo kabla ya michoro na mgao wa manyunyu ukaandikwa siku moja na mgao wa mitambo. Umeme ungepatikana na chura angebaki kwake.

Kwaiyo kabla fundi hajaleta nondo fanya hivi. Tembea mto wenyewe kuanzia chanzo cha mradi wako mpaka pale maji yatakaporudi mtoni, tembea mara mbili, masika moja na kiangazi moja, mana viumbe wanaoonekana Machi sio wa Oktoba. Nenda na mvuvi, nenda na mfugaji, nenda na mama anaeteka maji pale kila siku, hawa wanajua kambale wanapandia wapi kutaga na dimbwi gani halikauki hata mwaka wa njaa. Hayo madimbwi yasiyokauka yaandike yote na uyapige picha, ndiyo kimbilio la samaki, viboko na ndege mto ukikata, na mengi yako mahali ambapo mhandisi angependa kuweka ukuta.

Angalia sana korongo taji, wale wenye kishungi cha dhahabu kichwani. Huku tumewazoea kwenye majaruba ya mpunga tunaona ni ndege wa kawaida tu, lakini toka 2012 wako kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Wanajenga kiota kwenye nyasi za majimaji, maji ya kina kifupi, ukiyakausha yale maji au ukiyapandisha ghafla kiota kimekwisha. Wa upande wa Rungwe na Kitulo mna kipunji, nyani aliyetangazwa kwa wanasayansi 2005, anaishi misitu ya Rungwe, ya Livingstone na kidogo Ndundulu kule Udzungwa, hapatikani kwingine. Yeye hanywi kwenye mfereji wako ila msitu wake ndio unaotoa maji yako, kwaiyo barabara ya kupeleka mabomba ikikata msitu umegusa vyote viwili.

Orodha yako ikikamilika peleka kwa wanaojua kuisoma, TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), au SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, na hakikisha inaingia kwenye tathmini ya athari kwa mazingira inayokwenda kwa mamlaka ya taifa ya mazingira (NEMC). Usiache kampuni ya ushauri inakili ripoti ya mto mwingine. Ukiona ripoti inaorodhesha simba na twiga alafu haina hata jina moja la samaki, hao watu hawakuingia mtoni, irudishe.

Pima mto, hauhitaji mashine

Tafuta sehemu mto ulionyooka, hauna mawe mengi. Pima mita 10 kwenye ukingo, weka mambo (vijiti vya alama) huku na huku. Chukua gunzi la mahindi, litupe juu kidogo ya mambo ya kwanza katikati ya mkondo, washa saa ya simu likipita mambo ya kwanza, zima likipita ya pili. Rudia mara kadhaa upate wastani. Alafu pima upana, na kina chukua sehemu tano kuvuka mto uzigawe upate wastani wa kina.

Tuseme gunzi linatumia sekunde 25. Mita 10 gawa kwa 25 ni 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini kwaiyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.34. Upana mita 4, kina wastani nusu mita, eneo ni mita za mraba 2. Zidisha 2 kwa 0.34 unapata 0.68, maana yake mita za ujazo 0.68 au lita 680 kila sekunde. Sio sahihi kama vipimo vya bodi ya maji ya bonde lakini kwa kikao cha kijiji inatosha na zaidi ya yote kila mtu ameiona ikipimwa. Simika pia mti wa kupimia uliochorwa sentimita pale kwenye banio, watu wanaita geji, kila ukipima kwa gunzi andika na geji ilisoma ngapi, baada ya msimu mmoja mzima utakuwa unasoma geji tu unajua lita.

Pima kila mwezi. Kama una nguvu ya kupima mara chache tu basi usikose Julai, Septemba na Novemba.

Andika mgao

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji namba 11 ya 2009 imeshapanga foleni: kwanza maji ya majumbani, pili maji ya kulinda mazingira ya mto, tatu ndio shughuli za uchumi, na skimu yetu iko humo kwenye tatu. Wengi wanaposikia hivi wanaona wanaonewa ila ndivyo ilivyo, na anaekuja na mgao ulioandikwa kwa foleni hiyo anasikilizwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji pale Iringa kuliko anaekuja na malalamiko.

Namba ya mto utaipataje? Mwenye mamlaka ni bodi, lakini nenda na pendekezo lako. Kuna kanuni ya Marekani ya miaka ya 1970 inayosema asilimia 10 ya wastani wa mto wa mwaka mzima ni ya kuponea tu kwa muda mfupi, na asilimia 30 viumbe wanaishi vizuri kiasi. Itumie kama mahali pa kuanzia maongezi, mana mito yetu inapanda na kushuka sana tofauti na ya kwao, kiangazi mto wenyewe unaweza kuwa chini ya hiyo 10 bila mtu kuchota hata ndoo.

Mfano wangu, sio mto wa mtu yeyote: mmekubaliana majumbani lita 20 kwa sekunde, mto lita 400. Juni mto una lita 680. Toa 20, toa 400, shamba linabaki na 260. Mpunga unahitaji kama lita moja kwa sekunde kwa hekta, na mfereji wa udongo unaweza kupoteza nusu njiani, kwaiyo hapo una hekta 130 sio 260. Oktoba mto unashuka lita 250. Majumbani 20, zinazobaki zote za mto, geti la shamba linafungwa kabisa. Hapa ndipo patakuwa na kelele na ndipo kiongozi anapoonekana. Hilo la kufunga likubaliwe mwezi wa tano watu wakiwa wameshiba, ukisubiri Oktoba mtu ana nyanya zimeanza kutoa maua hakuna atakaekuelewa.

Banio lenyewe

Wakuu hapa naomba mnisome taratibu, kwangu ndio kiini cha yote. Mabanio ya zamani ya mawe, magogo na nyasi yalikuwa yanavuja, na ule uvujaji ndio ulikuwa unalisha mto kiangazi bila mtu kujua. Tulipoletewa mabanio ya zege tukashangilia, hayavuji, hayasombwi, na kweli masika ni mkombozi. Lakini banio la zege lisilo na mdomo wa mto, yani uwazi wa kupitisha maji yaendelee na mto, linaweza kuchota tone la mwisho, na Usangu mengi yalichota. Mradi ulikuja kwa jina la kuboresha na mto ukapungua chini yake.

Dawa yake ni ya kimo. Mwambie mhandisi ukuta wa banio uwe na mdomo wa wazi upande wa mto, hauna geti, hauna mahali pa kuweka mbao, na sakafu ya mdomo huo iwe chini kuliko sakafu ya geti la mfereji. Ukubwa wa mdomo apige hesabu hivi: maji yakiwa usawa wa sakafu ya mfereji, mdomo uwe unapitisha zile lita 400 mlizokubaliana. Matokeo yake mto ukipungua shamba ndilo linakosa kwanza lenyewe, bila mlinzi, bila ugomvi wa saa nane usiku, bila faini. Masika maji yako juu yote mawili yanapata. Ukijenga kinyume, mfereji chini na mto juu, hata uweke sheria ndogo za kurasa ishirini mto utakauka tu.

Kama banio lenu lilishajengwa na halina mdomo, mnaweza kukata kipande cha ukuta kwa kibali cha bodi na usimamizi wa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kujenga upya. Na pale chini ya mdomo pangeni mawe makubwa kwa mteremko wa taratibu ili samaki wapande masika, ukuta wima wa mita moja unakata kizazi cha samaki wote wa juu.

Shambani

Kilimo shadidi cha mpunga kinajulikana, miche ya siku 8 mpaka 12, mche mmojammoja, sentimita 25 kwa 25, unalowesha na kukausha badala ya kuacha jaruba limejaa muda wote. Zika bomba lenye matundu ndani ya jaruba, maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo ndio unafungulia tena, isipokuwa wakati wa kuchanua hapo acha maji yasimame. Na acheni tabia ya kufungulia mashamba matupu mwezi wa tisa wa kumi eti ardhi ilainike, maji yale yanakaushwa na jua hayafiki popote.

Ila kuna mtego. Skimu ikiokoa maji, kinachofuata mwaka unaofuata ni mtu kuongeza ekari, na mto haupati kitu. Uokoaji una maana kwa mto pale tu kibali kinapopunguzwa au mkutano unapoandika kwamba lita zilizookolewa zinapita mdomoni. Wafadhili wengi hawalisemi hili, wanapiga picha mpunga mzuri wanaondoka. Lisemeni nyie.

Dawa: usioshe bomba la kupulizia mferejini wala mtoni, chimba shimo mbali na maji. Na wale wanaoloweka mbegu na sumu kuua ndege wajue korongo taji nae anaokota hiyohiyo.

Huku juu milimani

Vinyungu, yale mashamba ya kiangazi ya mabondeni yenye unyevu, ndio mboga na hela ya ada kwa watu wa Njombe, Mufindi na Kilolo, siwezi kusema viachwe kesho. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, sasa badala ya kusubiri mgambo aje kufyeka mahindi, kaeni kijiji mpange kinyungu kipi kinasogea mwaka huu na kipi mwakani, anzeni na vile vilivyo juu ya jicho la chemchemi lenyewe. Milingoti (mikaratusi) kwenye vyanzo ing'olewe, ipandwe huko mlimani kukavu, mahali pake pandeni mivengi na mianzi. Walio juu ya bwawa la Kihansi mnajua tope lenu na dawa zenu zinaishia wapi.

Kulinda makubaliano

Funguo za geti ziwe mbili kwenye kufuli mbili, moja kwa mwenyekiti wa skimu moja kwa mjumbe wa kijiji cha chini, geti halifunguki wasipokutana. Kila Jumatatu mmoja apige picha geji na mdomo wa mto aweke kwenye grupu la wasap, na kwenye grupu hilo wawemo wafugaji, wavuvi na askari wa hifadhi au wa pori la akiba, wasiwe wakulima peke yao. Picha ikikosekana wiki mbili mfululizo afisa maji wa bonde apigiwe simu.

Mkutano wa mgao ufanyike Mei kila mwaka, mvua zikikata. Leteni vipimo vya kiangazi kilichopita, leteni orodha ya madimbwi na muulizane yapi yalikauka, alafu rekebisheni namba. Kama mnaomba kibali kipya au kubadilisha cha zamani, barua iseme lita kwa kila mwezi, iambatane na hesabu za gunzi, mchoro wa mdomo na orodha ya viumbe, na nakala iende kwa jumuiya inayofuata chini yenu ili nao wajue ni lita ngapi wazisubirie Septemba.